Jumbe Hizaya

Shaame ameniomba nimwandikie mwovu.
"Wa mwisho, ticha. Yule wa ghorofa ya saba.
Akifa yeye, mchezo umekwisha."
Dola keshaichora: Mirumba, mji wa matumbawe,
minara imeng'oka meno, visima vimejaa magugu,
na bahari ya zambarau, kwa sababu
buluu, anasema, inakula betri.

Tumekaa juu ya duka la Faki, hapa Wete.
Harufu ya karafuu za mwaka juzi imo ukutani, haitoki.
Jenereta linakohoa. Nina ukurasa mmoja,
na mwovu hapewi zaidi ya ukurasa mmoja.

Basi naandika: Jumbe Hizaya,
aliyeuza funguo za lango,
aliyekunywa mvua ya miaka mitatu peke yake,
aliyecheka mji ukiungua.
Shaame anapiga kofi. "Hapo hapo!"

Usiku, mbele ya chemli, kalamu ikanigomea.
Mama gani humwita mwanawe Hizaya?
Alikuwa na jina. Alizikwa kitovu mahali,
kuna mtu alimpulizia uji upoe.
Hili la sasa alipewa na waliobaki,
na waliobaki walikuwa na mengi ya kusahau:
karani aliyeandika pishi kumi, ghalani zikaingia sita;
fundi aliyekoroga chokaa kwa mchanga wa pwani,
ukuta ukatoka jasho la chumvi
kabla jumbe hajaota meno;
wakubwa wa baraza waliosema "tutaangalia",
wakaangalia miaka arobaini.
Dola huanguka kwa mikono mingi.
Ikishalala chini ndipo inapotaka mtu mmoja,
mzito, wa kuufunika mdomo wa kisima.

Nikaufuta ukurasa. Nikampa maneno yake,
kwa mizani, maana mtu wa zamani hasemi ovyo:

    Mlango niliukuta, umekwishaliwa mchwa,
    Hazina nikaipeta, makapi yalioachwa,
    Wenye funguo wateta, yao yote yamefichwa,
    Nami jina nimepata, siku jua limekuchwa.

"Refu," akasema Shaame. "Watabonyeza wapite."
Lakini aliliacha.

Jumamosi akaja Time, bintiye Mize muuza vibibi,
miaka kumi na mmoja, mia tano ya sarafu
imelowa jasho kiganjani.
Alipanda ghorofa zote saba bila kupumzika.
Juu kabisa hakuna kiti cha enzi. Kuna kigoda,
na mzee amekikalia, upanga wake uko mbali naye.

Wavulana nyuma yake: "Mchome! Mchome!"
Time kaweka kidole kwenye kioo,
anasoma neno kwa neno, midomo ikitembea.
Akarudi mstari wa tatu. Akausoma tena.
"Ticha," akauliza bila kugeuka,
"hawa wenye funguo wako ghorofa ya ngapi?"

Shaame akanitazama. Mimi nikaitazama jenereta.
Tulichora mazimwi kumi na manne,
nyoka wa vichwa viwili, popo wa moto.
Karani hatukumchora.

"Dakika nne zimebaki," Faki akaita kutoka chini.

Time akamwacha Jumbe palepale juu ya kigoda,
akageuka, akaanza kushuka ngazi,
ya sita, ya tano, akisukuma kila mlango
tuliouchora kwa pambo tu,
ambao nyuma yake hatukuweka kitu.