Hewa Ukaa

Miaka kumi na minne nilichoma mkaa Kiboriani.
Mti niliujua kwa uzito wa gunia lake:
mrama, lumbesa mbili na kiuno hakilali;
mkambala, moto usiosinzia hadi ugali wa usiku;
mtundu, mwepesi,
mkaa wa kuwauzia wageni pale Mpwapwa mjini.

Siku hizi nalipwa kutaja majina.
Sechelela wa chuo kikuu anazungusha futi kamba
usawa wa kifua,
daftari lake limevimba kwa umande.
Huu mkole, nasema. Huu msasa. Huu…
nasita. Kwa Kigogo naujua, kwa Kiswahili hauna jina.
“Sema kwa Kigogo,” anasema. “Mti haujali.”

Tukitafuna karanga ananifundisha:
hewa ukaa, majani huila, shina huiweka.
Nikacheka. Binti, kaa nalijua.
Nimelikoka, nimelifukia mchanga,
nimelifunga kwenye baiskeli nikalisukuma usiku.
Sikujua tu
kwamba kaa likiachwa, hukaa.

Kule bondeni walipanda mikaratusi, mstari kwa mstari,
kama watoto wa shule gwaridani.
Mvua ilipokata Januari
ikakauka yote, kama iliyoambizana.
Huku mlimani mmoja ulikufa,
mwingine ukapukutisha majani ukajifanya maiti,
mkwaju ukaendelea kunywa, sijui wapi, chini ya miamba.
Kila mti na ujanja wake wa njaa.
Ugogo hilo hatuhitaji kuhadithiwa:
uwele, mtama, kunde, shamba moja;
mwenye zao moja huyo mgeni.

Daftarini, vipande vyenye majina mengi
ndivyo vizito.
Si vyote, anasisitiza. Kimoja kinamkatalia
na amekipima mara tatu.

Kipande cha kumi na tisa, kisiki.
Nimekitambua kwa pengo la shoka langu.
“Mninga,” nasema.
“Nani aliukata?”
“Gunia sita.”
Hakuliandika hilo.

Ubavuni mwa kisiki, chipukizi, unene wa kidole gumba.
Kamba imelizunguka, nyingine yote imebaki mkononi.
“Chini ya sentimita tano hatuhesabu,”
anasema, anahamia mti wa pili.

Nimebaki nimechuchumaa.
Nimelitajia jina lake, polepole,
kisha nikaliambia: kaa.