Ongeza Saa Moja

Meza ya Jeltje ni ndogo kwa ramani hii ya bahari.
Terschelling inaning'inia ukingoni,
imekaliwa na sahani ya mkate wa sukari,
na Wiebren, asiyejua kula bila kumwaga,
ameshaanzisha fungu jipya la makombo
kusini ya Vlieland.

Mvua ya Franeker inapiga dirisha. Ni mwanzo wa Machi.
Tunapanga wikendi ya mwezi wa tano:
Ijumaa jioni hadi Jumapili, watu watano,
boti moja la matanga, kitako bapa,
linaloweza kukaa topeni kama bata
maji yakilikimbia.
Jina lake Skries, ndege wa miguu mirefu.
Yuro mia sita na arobaini, amana kando,
na usafi, anasema mwenye boti, ni juu yenu.

Gerbrich ana zamu hospitalini Jumatatu alfajiri.
Wiebren hataki kulala karibu na choo.
Mimi nataka sili, hata mmoja, hata kwa mbali.
"Wikendi hiyo si bamvua," Gerbrich anasoma jedwali,
"ni maji mafu. Hayajai sana, hayapwi sana."
"Kama ndoa yangu," anasema Wiebren, nasi tunacheka
kidogo, maana mkewe tunamjua.

Ndipo Tjalling, aliyekuwa akitazama kikombe chake,
anainua kidole:
"Jedwali halijui saa za kiangazi.
Ongeza saa moja."

Kweli. Jumamosi maji yanajaa Harlingen
saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa jedwali.
Nachukua penseli: kumi na mbili na nusu.
Asante, Tjalling.
Ndiye aliyetufundisha sote,
kupima kina kwa upondo wenye pete nyekundu,
kunusa tope kabla ya kuliona,
kutotupa nanga kwa hasira.

Kahawa inamiminwa. Tunabishana juu ya gesi,
juu ya nani alisahau kifungua kopo mwaka juzi
tukala maharage kwa bisibisi.
"Jedwali," anasema Tjalling, "halijui saa za kiangazi.
Ongeza saa moja."
Gerbrich anainamia ramani. Wiebren anatafuna polepole.
Nachukua penseli.
Asante, Tjalling.

Mara ya tatu Jeltje yuko kwenye sinki, mgongo kwetu,
na bomba linatiririka
muda mrefu kuliko haja ya kikombe kimoja.
Wiki iliyopita aliniambia kwa simu:
mchukueni, atafurahi,
ila usukani msimpe.
Naandika.

Nyumbani, usiku, nafungua karatasi, naona nilichofanya.
Kwa adabu zangu zote
bahari ya Harlingen itajaa saa mbili na nusu,
jua limeshapanda,
na sisi tuko gatini tunapaka siagi
huku maji yanatoka bila sisi.
Kumbe heshima nayo
inaweza kupandisha boti fungu.

Nafuta. Nafuta tena. Karatasi inatoboka
mahali pale pale penye saa.

Imebaki fomu ya mwenye boti.
Majina, umri, nani anaweza kuogelea,
na mstari mmoja mfupi: Nahodha.
Mezani tuliuruka wote, kama shimo la njiani.
Husemwa manahodha wengi, chombo huenda mrama.
Chetu kina mmoja tu,
na mmoja huyo yupo na hayupo.
Naandika jina langu. Linaonekana kama la mtu
aliyevaa koti la baba yake.

Simu inalia ujumbe. Jeltje:
ameshaweka viatu vyake vya mpira mlangoni,
amekaa navyo,
anauliza mnaondoka saa ngapi.

Kumi na mbili na nusu, najibu.
Mwambie nimeshaongeza.