Kumbukumbu za Kikao cha Usajili

Tumekaa tangu laasiri, juu ya duka la vipuri, Mwembe Tayari,
feni yazunguka kama mchezaji aliyelipwa nusu mshahara.
Nafasi mbili. Majina kumi na moja, yote ya vyuoni.
Mimi ni katibu: naandika, sisemi.

La kwanza, Tsuma Chengo, kipa, chuo cha ufundi.
Mikono mirefu, asema kocha Mwadime,
angechuma pera kwa jirani bila kupanda ukuta.
"Na krosi?" auliza Msallam, mweka hazina.
Kocha akohoa.
Krosi huzitazama zikienda, kama mtu wa Likoni aliyeachwa na feri.
Naandika: krosi, bado.

La pili, Hemedi Shaibu, mshambuliaji, mabao kumi na manne!
Mwenyekiti Bwanakombo apiga meza,
kahawa yamwagika juu ya jina lenyewe.
"Kumi na manne, jamani, mwataka nini tena?"
"Tisa," asema Msallam bila kuinua uso,
"tisa aliwafunga wale wa uhasibu,
waliokuja wanane, basi lao limeharibika Mazeras.
Wahasibu hao wenyewe watakwambia:
kumi na manne, toa tisa."

Ikawa vita. Huyu ataka kimo, yule ataka mbio,
mmoja ataka mtoto wa Majengo kwa kuwa Majengo hujaza uwanja,
mwingine ataka yeyote, mradi mjomba wake asiwe diwani.
Goti la mtu lilijadiliwa nusu saa.
Mwenyewe hayupo, goti halipo,
na kila mmoja alilishika hewani, akalikunja, akalinyoosha.

Mzee Faki, winga wetu wa kale, akahamisha tambuu shavuni:
"Mchagua nazi hupata koroma."
"Na asiyechagua, Mzee? Hupata kifuu."
Tukacheka. Kocha hakucheka.
"Chuoni hakuna nazi," akasema. "Kuna madafu.
Wagonga, wasikia maji.
Maji si tui.
Tui ni miaka mitatu, na nyinyi mwalitaka Jumamosi."

Hilo sikuliandika. Kalamu ilisimama yenyewe.

Jina la saba: Lwambi Nyale, kiungo, asomea ubaharia.
Mabao, hana. Video, hana.
"Pita," akasema mwenyekiti.

Mimi nilimwona Tononoka, siku ya mvua.
Mpira ukitoka, wenziwe hukimbilia maji;
yeye husimama akionyesha kwa kidole:
wewe hapa, wewe kule.
Hakuna aliyemsikiza.
Na kila mara mpira ulikwenda kule kule, ukakuta nyasi.
Fomu ina safu ya kimo, ya uzito, ya mguu autumiao.
Kidole hakina safu.

Miaka sita sijapata kusema neno kikaoni
ila "Nani ameunga mkono?"
Nikawaeleza kidole.

Kimya. Kisha Mzee Faki:
"Mtoto huyo yuwateza kwa mato."
Kocha akaninyang'anya kalamu, akapiga mduara.

Saa nne usiku tuna majina mawili:
kipa, kwa kura nne dhidi ya tatu, na Lwambi.
Msallam akapiga simu, akaongeza sauti,
tukaiinamia meza kama wala sinia moja.

"Ahsanteni," akasema kijana. "Lakini Jumatatu
nina mtihani wa injini. Nikifaulu, mwezi wa tisa napanda meli."
"Na mpira?"
"Mpira naupenda."
Upande wake kitu kikaanguka, kama mfuniko wa sufuria.
"Ila mpaka leo hakuna aliyeniuliza."

Feni ikazunguka.
Mwenyekiti akamtazama kocha, kocha akanitazama mimi,
mimi nikatazama kidole changu, kina wino.
Nikaandika, kwa mwandiko mzuri, chini ya Yatokanayo:
nafasi moja, i wazi.

Nilipoinua kichwa, Bwanakombo alikuwa na leso mkononi,
asugua doa la kahawa polepole,
amtafuta Hemedi.