Pengo

Mazikoni walisema Ludvik ameacha pengo.
Ninalo hapa: upana wake ni wa ukucha,
ukurasa wa pili wa albamu,
katikati ya senti za shaba zilizojipanga.

Aliwahi kuipata, senti hiyo.
Akaiweka juu ya friji, akaenda zamu mgodini.
Nami, bila habari, nikaitumbukiza
kwenye mita ya maegesho mbele ya duka la nyama.
Dakika kumi na mbili za kuegesha gari!
Hakunikaripia. Alicheka mpaka akakohoa.

Sasa kila Ijumaa nakanyaga theluji ya Minnesota hadi benki.
Marit wa dirishani hunipa vifurushi viwili,
navimwaga mezani, miwani puani,
nasoma miaka kama anayechambua mchele.
Haba na haba, wanasema. Kibaba kilishajaa;
kinachoninyima usingizi ni punje moja.

Jana ikatokea. Imesagika ukingoni, lakini ndiyo.
Nikaishika juu ya tundu, kidole gumba tayari.

Saa ya ukutani ikagonga.

Nikiibonyeza,
Ijumaa nitakwenda wapi, Ludvik?

Nikaichanganya na zile nyingine,
nikaanza kuzifunga upya katika karatasi zake.