Haijesha

Kofia ya Hamad naishika tangu Mfungo Mosi.
Bulibuli, uzi wa rangi ya maziwa,
vitobo vidogo kama mbegu za mchicha.
Nimefika robo ya duara, nimesimama hapo.
Hamad kesha oa, kwa kofia ya kuazima.
Watu wa Jadida wanadhani ni macho yangu.
Nawaachia. Macho ni maradhi yenye heshima.

Kwanza vilikwenda vidole.
Niliona damu juu ya kitambaa cheupe
kabla sijahisi sindano.
Raya, mwanangu, akaniosha mkono:
"Mama, hukuumia?"
Nikasema hapana, na ilikuwa kweli,
na kweli ile ndiyo iliyonirudia usiku.

Ile sindano nyengine siikosi.
Hivyo ndivyo nisemavyo kliniki.
Dawa naiweka kwenye chungu cha mchanga mbichi, uvunguni,
maana umeme wetu hauna ahadi.
Miaka ishirini nilitoboa vitambaa.
Sasa kitambaa ni mimi.

Daftari langu lina mistari:
kumi na moja nukta nne. Tisa. Kumi na sita,
siku ya maulidi kwa Bi Mgeni,
nilipokula halua isiyozidi kidole
nikaililia siku tatu.
Sukari ina tarakimu.
Lakini ile asubuhi niliyokaa ukingoni mwa kitanda
tangu adhana mpaka jua likafika kwenye karai,
mguu mmoja chini, mmoja juu,
nikishindwa kuchagua,
iandikwe ngapi?

Ramadhani daktari alinikataza kufunga.
Nikala nyuma ya mlango wa jiko, kiazi cha kuchemsha,
kibla nimeipa mgongo, kijiko nakizuia kisilie.
Ruhusa ipo, aya naijua,
ila ruhusa haikukubali kukaa nami.
Magharibi wenzangu wakifuturu,
mimi nina shibe ya mwizi.

Shemeji Makame akasema nisomewe.
Nikasomewa, kisomo kizuri, nikalala usiku mmoja.
Jirani akasema shukuru, wenzako wana makubwa.
Nikashukuru, huku kuta zinanisogelea.
Mume wangu hakusema kitu.
Alianza kunywa chai kavu mbele yangu,
akikunja uso kama mtoto anyweshwaye shubiri.
Nilimwonea hasira,
kisha nikajionea haya,
kisha sikuona chochote.
Hicho cha mwisho ndicho kibaya.

Jumanne, hospitali ya Wete,
foleni imefika kwenye mshelisheli.
Nesi mgeni, Salhina, msichana wa Konde,
akasoma kumi na tatu, akaandika, akaiweka kalamu.
"Sindano unajidunga zote?"
"Nyengine naziacha."
"Unasahau?"
"Hapana."
Nje lilipita gari la karafuu, chumba kikajaa harufu.
Nikangoja kugombezwa.
Akavuta kiti.
"Unalala? Kuna unachokitamani?"
Miaka mitatu wamenitoboa vidole vyote kumi,
swali hilo hawakuwahi kulichomeka.

Akaniambia sukari na sonona hujuana,
kama wake wenza walioacha kugombana:
mmoja akipika, mwenziwe hupakua.
Sonona.
Nilikuwa nayo ndani ya nyumba, nikiiita uvivu.

Sijapona. Mtu haponi kwa kupewa jina.
Nina vidonge vyengine, vinanikausha mdomo,
na kiti changu kila Jumanne.
Bado kuna asubuhi za mguu mmoja.
Lakini sindano ya jana nilijidunga,
na leo Raya amenitungia uzi,
nimeshona vitobo vitatu.
Cha tatu kimekwenda upande. Sikukifumua.

Hamad amepita dirishani sasa hivi.
"Bi Mize, kofia yangu?"
"Haijesha."
"Basi nitapita tena," akasema,
na mimi, sijui kwa nini,
nikamwambia apite.