Nukta

Tuliangusha chungwa kutoka juu ya jiwe la Kabuhoro,
Mwalimu Lugata ameshika simu yake yenye ufa:
msitikisike hata kope.

Darasani tukalirudisha picha kwa picha,
thelathini kwa sekunde,
Nkwimba akiligusa kwa kidole,
nukta, nukta, nukta,
zikizidi kuachana kadiri linavyoshuka,
kama watoto wanaoikimbilia kengele ya uji.
Tisa nukta sita. Si haba, akasema mwalimu,
kwa chungwa la shilingi mia.

Pembeni mwa video
mtu alikuwa anapanda njia ya mawe kutoka Mwaloni,
ndoo ya dagaa kichwani.
Niliomba simu. Nikaweka nukta kwenye ndoo.
Umbali sawa. Sawa. Sawa tena.
Nikapiga hesabu mara mbili.
Mchapuko: sifuri.

"Basi hapo hakuna nguvu," Shija akacheka.
Mwalimu hakucheka.
"Zipo. Zimelingana tu."

Sikusema namjua kwa mwendo wake.
Jioni niliipokea ndoo ileile mlangoni,
nikaitwika mwenyewe hadi uani,
hatua kumi na nne,
shingo ikazama.