Rangi ya Bublo

Mimi nilimjua Bublo akiwa wa kijivu.
Kila kitu kilikuwa cha kijivu Jumamosi jioni
kwa bibi Květuše, ghorofa ya nne, Ostrava,
mbele ya televisheni yenye makalio mapana kama tanuri,
waya wa antena umefungwa kwenye fimbo ya pazia.
Babu aliipiga kofi, chengachenga zikatulia,
na chombo Mdiria kikachomoza kati ya nyota
ambazo, sasa najua, zilikuwa matundu ya sindano
kwenye kitambaa cheusi.

Nilikuwa na miaka saba.
Niliyaamini matundu yale kuliko dirisha.

Bublo: roboti mfupi, tumbo la pipa,
mwoga wa giza, ndiyo maana walimpa taa kifuani.
Mwaka mzima nilitembea na tochi ndani ya shati.
Mama alishona vifungo, akavishona tena, akachoka,
akaninunulia shati la zipu.

Leo nina arobaini na tisa, naendesha tramu,
na juzi katika duka la vitabu karibu na kituo
nilimwona kwenye jalada gumu. Kitabu cha picha,
miaka mitatu hadi sita.
Bublo. Wa manjano!
Manjano ya kiini cha yai.
Nikasimama pale, kofia ya kazi mkononi,
kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule
akagundua kuwa siku zote alikuwa tajiri.
Nilimnunua. Bei siitaji, mke wangu atasoma haya.

Usiku Vendulka alikaa kushoto, Matyáš kulia
(Matyáš hupenda vitabu kwa meno;
sayari ya kwanza ilipoteza pembe kabla hatujatua).
Nikanguruma kama injini ya Mdiria.
Nilidhani nimesahau. Koo halikusahau.
"Kwa kweli Bublo ni wa kijivu," nikasema.
"Ni wa manjano," akasema Vendulka,
akaweka kidole juu ya ushahidi.

Kitabu kinaishia mezani. Wote wanakunywa supu,
Kapteni Haleva anacheka,
Bublo ameshika kijiko asichokihitaji.
Mwisho.

Lakini mimi naijua sehemu ya kumi na tatu.
Naijua ile barafu. Namjua aliyeitoa betri yake
ili wenzake wapate moto wa kurudi nyumbani,
na taa kifuani ilivyofifia, ikasinyaa, ikawa nukta,
kama nukta inayobaki kwenye kioo
televisheni ikizimwa.
Nilijifungia chooni. Babu hakunena neno;
alipitisha biskuti chini ya mlango.

Sikuwaambia. Nilikifunga kitabu taratibu.
"Mbona ukurasa wa supu unausoma polepole?"
"Supu ni ya moto."
Vendulka akanitazama kama mkaguzi wa tiketi.

Usiku wa sita, au wa saba, kitabu kilikuwa kimenenepa.
Baada ya Mwisho palikuwa na karatasi
iliyobandikwa kwa gundi ya kutosha kujenga daraja:
barafu ya chaki ya buluu, na roboti wawili.
Mmoja wa manjano. Mwingine wa penseli tupu,
ameketi, taa yake duara jeupe.

"Huyu ni wangu," akasema. "Yule wa kijivu ni wako.
Amekaa peke yake muda mrefu sana,
ndiyo maana wangu amembebea supu."

"Nani alikwambia habari za barafu?"

"Mama. Tena alisema ulilia chooni."

Jikoni, sahani zikaacha kugongana.

"Haya, soma," akasema Vendulka.
Ukurasa wenyewe haukuwa na hata neno moja.
Nikaanzia nilipoweza, kwenye injini.
Matyáš akapanua kinywa; nikauvuta ukurasa upesi,
nikiogopea ile pembe ya barafu,
kumbe na yeye alikuwa ananguruma.